Kaka, Migomba Ilikuwa Imelowa

Kaka Elisante,

Shikamoo. Anwani yako sina, ndiyo maana mambo ya nyumbani nayaandika gazetini. Ukikasirika kwamba nimeyaanika, kasirika tu, mradi umesoma.

Unakumbuka ulivyonifundisha maji ya mfereji? Ubao wa kuzuia maji kule juu ukifunguliwa na wa jirani ukafungwa, maji yanakuja kwetu. Kimoja kikikosekana, hakuna maji. Nikikosea unanirudisha mwanzo huku unacheka, "Wewe na shule yako yote hiyo!" Nilikupenda sana siku zile.

Halafu asubuhi moja, zamu ya maji si yetu, migomba yetu ikakutwa imelowa. Wazee wa mfereji wakaja kukaa kwa Baba. Wewe ulisema neno moja tu, "Sikufungua." Mimi, wa kidato cha pili, nikasimama bila kuulizwa: ubao ukifunguliwa migomba hulowa, migomba imelowa, basi umefunguliwa, na anayeushika ni Kaka. Jamani, nilivyojiona nina akili! Wazee wakaitikia, Baba akainama. Mwezi huohuo wewe ukaondoka, na huu ni mwaka wa saba.

Sasa naishi mjini. Tangu biashara huria iruhusiwe kila kitu kinaingia, hadi kompyuta, na mimi najifunza kwenye chumba kimoja pale Kimandolu, watu tisa mashine mbili. Mwalimu wetu, Mchaga mmoja mpole, haanzi na mashine, anaanza na kufikiri. Anasema zamani Mwingereza mmoja, mtoto wa fundi viatu, aliandika kweli kuwa moja na uongo kuwa sifuri, akawa anapiga hesabu za mawazo kama sisi tunavyojumlisha. Wengi hawakuona faida yake. Baadaye sana kijana wa Kimarekani akaonyesha kwamba swichi za umeme, kwa kuwaka na kuzima, zinaweza kupiga hesabu hizohizo. Kompyuta zikajengwa juu ya hapo. Nilicheka peke yangu darasani: swichi hizo si ndizo mbao zako mbili?

Wiki iliyofuata akaandika kwa chaki: mvua ikinyesha ardhi hulowa, ardhi imelowa, je, mvua imenyesha? Wote tukajibu, "Ndiyo!"

"Hamjui," akasema. "Pengine mtu kamwaga ndoo."

Kaka, niliikumbuka migomba yetu. Pengine fuko alitoboa ukingo wa mfereji. Pengine jirani alikosea. Pengine ni wewe. Sijui, na hata siku ile sikujua. Nilichokuwa nacho ni neno lako, nikalitupa nikashika ujanja wangu. Naona aibu hadi leo.

Jumamosi nilikuja nyumbani nikawaambia wazee, Baba akiwepo, kwamba nilisema nisichokijua. Nilitegemea Baba anigombeze. Akauliza tu, "Anakaa wapi?"

Nisamehe. Habari ya maji sikuulizi tena. Kaa salama popote ulipo.

Nilikuwa nimemaliza hapo, lakini Baba, aliyekaa pembeni yangu hapa nyumbani muda wote ninapoandika, amenishika mkono. Anasema, "Andika kwamba mimi ndiye baba yake, na sikumuuliza hata mara moja."

Mdogo wako,
Anaeli