Komamanga la Baba, Kichwa Chini

Chilonzor, Jengo la 17, ghorofa ya tatu
Tashkent
14 Novemba 2022

Mpendwa mdogo wangu Tohir,

Salamu zangu zikukute huko Leipzig ukiwa umesimama wima. Mkeo Dilfuza aliniambia kwamba mgongo umekushika na siku hizi unalala sakafuni. Jifunge kitambaa cha sufu kiunoni, uache kudanganywa na marhamu ya dukani. Watoto hawajambo? Wanakula vizuri? Mimi ni mzima. Goti hunilalamikia nikipanda ngazi, lakini linanifikisha. Baridi imeingia, madirisha nimeyaziba, na kabati limejaa achari ya matango kama enzi za mama.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu utanikatiza, nami nitapaza sauti mpaka majirani wajue yetu. Soma mpaka mwisho. Ukiudhika, kunywa maji, uendelee.

Unajua kwamba tangu waondoe marufuku ya kupiga picha katika vituo vya treni ya chini ya ardhi, mimi nashinda huko. Ulikuwa ukinicheka: mwalimu mstaafu wa uchoraji, bibi wa miaka sitini na tatu, shingoni kamera. Cheka tu. Baba alifariki bila kuwa na picha hata moja ya kazi yake, kwa sababu enzi zake ukitoa kamera kule chini ulikamatwa. Vile vimia vya shaba alivyofua, vinavyofunika matundu ya hewa katika kituo chake, vyote arobaini na nane, kila kimoja na komamanga lake, hakuna linalofanana na jingine, tulikuwa tunavitazama kwa macho tu na kupita.

Siku hizi kila mtu ni mpiga picha. Wanashuka wasichana na magauni ya kukodi, wanaegemea nguzo za marumaru, wanabinua midomo. Vijana wanapiga picha viatu vyao. Wageni wanapiga dari, picha mia moja za dari moja, kisha wanaondoka wakidhani wamekiona kituo. Hakuna anayetazama shina la taa, wala pale vigae viwili vinapokutana, ambapo fundi alikaa siku nzima akisugua ili usione kiungo. Vitu hivyo ndivyo ninavyopiga mimi.

Kwa vimia vya baba nilimwomba Lola, mfagizi wa kituo, anishikie ngazi asubuhi abiria wakipungua. Vumbi la miaka arobaini, Tohir! Nilisugua kila komamanga kwa ncha ya mtandio mpaka shaba ikang'aa, ndipo nikapiga. Lola akawa ananiambia kutoka chini, “Dada Karomat, ukianguka mimi sikujui.” Nilimaliza kwa wiki tano.

Sasa nije kwa huyu binamu yetu Zokir. Yule aliyekuwa akija kwetu kila Ijumaa kula pilau, na baba akimwekea kipande cha nyama kilichonona kuliko chako. Siku hizi ni msanii. Anavaa skafu mwezi wa Julai, jua likichoma. Akiongea nawe hakutazami, anatazama mwanga unavyokuangukia.

Alikuja majira ya kuchipua na halua na maneno laini. “Dada, natoa kitabu kikubwa cha picha za vituo vyetu. Nimesikia unazo za vimia vya mjomba. Nigawie, na jina lake nitaliandika kwa herufi kubwa.” Mimi mpumbavu nikamtilia chai, nikampa flashi yenye picha zote. Ndiyo, mpumbavu. Usijisumbue kutafuta neno jingine.

Mwezi uliopita kitabu kikazinduliwa katika ukumbi wa maktaba. Kizito kama tofali, karatasi inang'aa. Nikakifungua nikiwa nimesimama mlangoni. Ukurasa wa arobaini na moja: komamanga la baba, limejaza ukurasa mzima, kichwa chini. Kichwa chini, Tohir! Taji la tunda linatazama sakafu. Pembeni yameandikwa maneno haya: “Kimia chenye ua la waridi. Fundi hajulikani. Picha: Zokir.”

Nilikaa. Nikamsikiliza akieleza jinsi alivyokesha akiisubiri shaba “imfungulie moyo.” Watu wakapiga makofi. Alipokaribisha maswali nikasimama.

“Zokirjon,” nikamwambia, kwa jina la kumdekeza, “hili waridi ulilipiga wapi?”

Akataja kituo. Sicho. Wala si cha njia ile.

“Na kimia kiko juu namna ile. Ulipanda juu ya nini?”

“Dada yangu mpendwa,” akacheka akiwatazama watu, “sisi wenye kazi hii tuna lenzi ndefu. Hatupandi vitu.”

Mstari wa mbele alikaa Mzee Hamroqul, dereva wa treni mstaafu, aliyeendesha njia ile toka nywele zake zikiwa nyeusi. Macho yamemchoka, hatembei bila kioo chake cha kukuzia. Yeye alikuwa amekigeuza kitabu juu chini, kwa kuwa komamanga la kwao analijua, na amekiinamia kama mtu anayechambua mchele. Akainua kichwa.

“Mwanangu Zokir, naomba kuuliza. Siku hiyo ulivaa mtandio?”

“Mtandio gani, mzee?”

“Huu wa maua. Hapa katikati ya tunda, shaba imesuguliwa imekuwa kioo. Naona kamera, na nyuma ya kamera namwona mama amejitanda mtandio.” Akageuka akanitazama, akarudi kwenye kitabu, akanitazama tena. “Ni huu huu aliouvaa huyu mama!”

Ukumbi uliangua kicheko, mpaka mkutubi, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akitabasamu, alijifunika uso kwa karatasi. Sauti ikatoka nyuma, “Ustadhi, skafu umebadilisha lini?” Zokir akasema taa za ukumbi zinamuumiza macho, akatoka kwa mlango wa jikoni. Nami nikala sambusa zake tatu, kisha nikaenda nyumbani.

Baada ya siku tatu akaja kwangu, amejikinga nyuma ya mama yake. Shangazi Hosiyat, kwa miaka yake themanini na nne, alipanda ngazi zote hizi na mikate miwili kifuani, amekuja kunigombeza.

“Karomat, umemvua nguo ndugu yako hadharani. Kaka yangu Nemat angekuwa hai angelia.”

“Shangazi, soma hapa.”

“Hizi herufi zao mpya za Kilatini mimi sizijui, nilisoma za Kirusi. Nisomee.”

Nikamsomea. Akaitua mikate mezani.

“Kimia cha wapi hicho?”

“Cha kaka yako, shangazi.”

Akamgeukia Zokir taratibu. “Nani hajulikani?”

“Mama, ni mhariri, yeye ndiye—”

“Nimekuuliza nani hajulikani! Nemat aliyekufundisha kufunga kamba za viatu? Mkono wake uliungua kwa shaba ile mpaka akawa hashiki bakuli la chai, mimi ndiye niliyekuwa namnywesha. Hajulikani?”

Akachukua birika la chai lililokuwa linafuka mvuke, akalitua juu ya jalada la kitabu. Utando wake wa kung'aa ukajikunja kwa joto. “Haya,” akasema, “angalau kimepata kazi.”

Zokir akaiva uso kama nyanya. Ndipo aliposema neno lililonifanya nichukue kalamu hii.

“Mbona mnanionea mimi peke yangu? Kitabu kinatoka kwa Kijerumani. Tohir ndiye aliyetafsiri. Amepita ukurasa kwa ukurasa, hakuuliza chochote.”

Nilimwambia anasema uongo, kwa kuwa uongo ndiyo kazi yake. Akafungua simu, akanionyesha. Kijerumani sikijui, Tohir, lakini jina lako nalisoma kwa herufi yoyote. Mtafsiri: Tohir Nematov.

Nematov! Umelibeba jina la mtu asiyejulikana nyuma ya jina lako mwenyewe, na chini yake ukaandika kwamba hajulikani.

Zokir simshangai. Zokir ni nzi, na nzi halaumiwi kwa kutua. Wewe je? Picha ya komamanga lile hukuiona? Au mgongo ulikuuma siku hiyo? Au utaniambia kazi ya mtafsiri ni kutafsiri kilichoandikwa? Wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea baba chakula karakanani. Ulikuwa unarudi na masizi puani, unajigamba shuleni kwamba baba yako anawapa pumzi watu wote wa mjini. Sitaki maelezo. Maelezo ni mali ya watu wa skafu.

Hapa kwetu limekwisha. Shangazi alimsimamia Zokir kama askari mpaka akawaandikia wachapishaji, nao wanabandika kipande cha karatasi katika kila nakala iliyobaki: tunda limetajwa kuwa ni komamanga, picha ni yangu, fundi ni Nemat. Kimebandikwa upande, gundi inavuja. Kazi ya Zokir, utategemea nini? Lakini kimebandikwa.

Hicho cha Kijerumani hakitachapwa mpaka Januari. Mimi sitamwandikia Mjerumani. Utaandika wewe. Jina langu waliache wakitaka, silikimbilii. La baba ni herufi tano, na kwa lugha yao zinabaki tano zile zile. Hakuna cha kutafsiri.

Shangazi Hosiyat anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, alisema neno moja ambalo siliandiki. Lola wa kituoni anakusalimu ingawa hakujui. Nisalimie Dilfuza, umwambie mbegu za jira nitampa mtu anayekuja huko. Wabusu watoto wote, na ukiwa umewapakata uwaambie babu yao alikuwa nani.

Mungu akunyooshe mgongo, Tohir, kwa maana zote mbili.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Karomat, binti Nemat