Jibu la Posa

Jumapili, 1 Agosti 1993

Redio imetangaza — chuo kinafunguliwa tena Jumatatu ijayo! Miezi mitatu tangu watufukuze kwa mgomo, nimekaa hapa Temeke nakuna nazi. Nikaruka kwa furaha. Kumbe barua ya posa imeshaingia. Ya Thuwaini, mwenye duka la matairi. Anataka harusi mwezi huu huu, na hataki mke wa chuo.

Jumanne, 3 Agosti

Nimekwenda Kimara kwa Rosalia, mwenzangu wa darasani. Audax, naye wa darasa letu, alikuwepo. Nikawauliza, hivi sie tunasomea nini? Audax kasema cheo, gari la serikali. Nikamwambia, serikali gani braza, hii inayopunguza watu kazini kila siku? Rosalia kasema anasoma ili asiwe na wa kumwomba ruhusa. Nikacheka, halafu nikalia mbele yao. Mie? Nataka tu kumaliza nilichoanza!

Baba ananiuliza, digrii utaila? Mtoto wa jirani Mfaume anayo, anauza mitumba Tandika. Kweli anauza. Nimemwona kwa macho yangu.

Alhamisi, 5 Agosti

Makubwa haya! Majibu ya posa ya mtaa mzima naandikaga mie, kwa sababu ya hati yangu. Leo baba kaniita — andika, tumekubali. Posa yangu mwenyewe! Anajua haijakaa vizuri, lakini nani mwingine? Yeye anasoma herufi za Kiarabu tu, hizi za shuleni hazijui.

Nikaandika: "Tunashukuru kwa heshima mliyotupa, ila hatukuafiki." Baba akatia sahihi. Mashallah, akasema, hati safi. Kesho washenga wakishaondoka nayo, basi, posa imekufa.

Nimemdanganya baba yangu, ee Mola!

Ijumaa, 6 Agosti

Washenga wametoka msikitini, wako barazani. Anayewasomea, Mzee Bakari, kasahau miwani. Anaomba asomewe hapo hapo.

Namsikia baba anacheka. Hapana shida, anawaambia, nimesomesha mtoto ili nyumba hii isiende kuazima msomaji kwa watu.

Mama kaniletea barua. Nisimame nyuma ya pazia, nisome kwa sauti. Haraka, wageni wanangoja. Nimemwambia natafuta mtandio.

Baba anaita tena. Naima, usione haya, soma vile vile ilivyoandikwa.