Nilikisifu Mno

Ijumaa, 14 Juni 1974

Sasa nitajuaje kama yule muuguzi wa kitabuni alimpata kaka yake? Zilibaki kurasa chache tu!

Leo ilikuwa zamu yangu kueleza darasani kitabu ninachosoma. Desturi yetu naijua: ukikisifu, wa kwanza kuinua mkono anakichukua palepale, maana kitabu ni cha wote. Nilikusudia kusema machache. Lakini nilipofika pale muuguzi anapovuka mto uliofurika, nilijisahau. Tabitha, jirani yangu, akainua mkono.

Njiani kurudi Igamba nilimsihi, "Nisome mwisho tu."

"Thubutu! Ungekisifu kidogo, dada."

Nimekasirika, ingawa ana haki. Akikisifu naye, nitawahi kuinua mkono. Lakini Tabitha hupenda vichekesho. Asipokisifu, mwalimu atakifungia kabatini hadi muhula ujao, na mimi...

Jioni nilikwenda kwao kuomba moto. Uji ulikuwa unamwagika jikoni, mama yake anaita, yeye hasikii. Alikuwa amekiinamia kitabu; nilichungulia ukurasa, amefika pale mtoni.

Niliuepua uji mwenyewe, nikaondoka polepole nisimkatize.