Sungura Aliyekula Kitanda Chake

Zuhura mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Usagara tu wazima. Babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kwa nini sungura wako amesusa karoti na mkate. Nilipokuwa msichana tuliletewa sungura kutoka Muheza. Mama alimkirimu kama mgeni: chapati, tende, machungwa. Akavimba tumbo, akalala ubavu, tukaona anatutoka.

Mama akasema, “Labda chapati hazina sukari.”

Nikachungulia boksini. Mgonjwa alikuwa akitafuna nyasi kavu tulizomtandikia! Nikamjazia nyingine, chapati nikazila mwenyewe. Akapona.

“Mgeni gani huyu,” mama akanung'unika, “anakula kitanda?”

Wako mpeleke kwa daktari wa mifugo, na umwekee nyasi kavu na maji. Mpaka leo najiuliza kwa nini yule wetu alianza na chapati. Labda alimwonea haya mama.

Bibi yako