Mnada wa Picha ya Gentrix

Malinya,
Kakamega.
14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Gentrix,

Unaendeleaje huko Ujerumani? Ile baridi bado inakuuma masikio? Huku tu wazima. Goti langu hunisumbua mvua ikikaribia, lakini mdomo, kama unavyojua, haujawahi kuugua.

Umeniuliza mara nyingi kama baba yako ametundika ile picha ya rangi ya mafuta uliyomchorea, nami nimekuwa nikikujibu habari za mahindi. Ukweli ni kwamba huyo baba yako, kakangu mimi, aliifungua, akaitazama, akaniuliza kama hii ndiyo iliyokufanya uache unesi. Kisha akaiegemeza nyuma ya kabati, uso ukiangalia ukuta. Niliumia sana, lakini Shikanga unamjua.

Basi mwezi jana kanisa lilifanya mnada wa kununua mabati. Kila nyumba ilileta kitu: kuku, ndizi, miwa. Baba yako akabeba picha yako. Alisema kuku wana kazi.

Mwalimu Wanjala ndiye aliyekuwa akinadi. Maskini, aliigeuza juu chini na kando kwa kando akitafuta kichwa chake. Mama Mitchel aliona sufuria iliyoungua. Barnaba, yule mwenye fahali wa kupigana, aliapa kuwa ni fahali wake akimkimbiza wa Masinde, akainunua papo hapo. Nikapiga vigelegele.

Lakini unaijua desturi yetu. Mtu akitaka kuonyesha moyo wa kutoa, hununua kitu kisha akakirudisha kiuzwe tena. Kuku hurudishwa mara moja, halafu anapata mtu wa kwenda naye. Picha yako, mwanangu, kila aliyeinunua aliirudisha! Barnaba alimwogopa mkewe. Philemon, mzee wa kanisa, akanunua, akarudisha. Hata mchungaji alizawadiwa, akaitoa upesi huku akimsifu Bwana. Mabati yalikuwa yanapatikana, na kanisa zima lilikuwa limeshika mbavu.

Mwanzoni baba yako alicheka kuliko wote. Kisha Wanjala akatangaza kwamba watu wasiogope kununua, si lazima mtu aende nayo. Hapo nikaona uso wa kakangu umebadilika. Akasimama, akataja bei. Barnaba akapandisha kwa utani. Baba yako akaongeza jogoo wake mwekundu, yule anayempenda kuliko sisi sote. Hakuna aliyempita.

Wanjala, kwa mazoea, akaiinua ainadi tena.

"Wewe Wanjala, wacha hiyo kitu!" baba yako akafoka. "Hiyo ni ya msichana yangu. Inaenda nyumbani."

Aliibeba mwenyewe mpaka kwake, hakutaka kusaidiwa. Mimi nilimfuata nyuma nikilia na kucheka kwa pamoja.

Sasa iko sebuleni, karibu na picha ya harusi yao. Jogoo hayupo, kwa hiyo baba yako anachelewa kuamka na lawama zote ni zako. Huwaeleza wageni kwamba huo ni msitu wa Buyangu baada ya mvua.

Mama yako na ndugu yako Sammy wanakusalimu sana. Mungu akulinde, na akufungulie njia ya kurudi, maana baba yako hajui upande wa juu ni upi. Kila akitoka kanisani anaigeuza. Nilitaka nikuulize humu, akakataa kabisa. Anasema uje umwonyeshe mwenyewe.

Ni mimi senje wako, shangazi yako nikupendaye,
Alice