Tangulia Wewe, Bwana Nyapara

Mjukuu wangu Shabani,

Sie huku Mtoni wazima, na bibi yako mguu umepoa, anakusalimu sana. Umeniuliza kama ukatae kupanda ghorofani bila mkanda wa usalama, maana msimamizi wako anakuita mwoga.

Enzi za Mwingereza nilikuwa kibarua, tunajenga bohari hapa Temeke. Jukwaa lilikuwa la boriti zilizofungwa kwa kamba za makumbi, na desturi yetu fundi aliyelifunga ndiye hupanda kwanza. Siku moja, baada ya mvua kubwa, fundi huyo aliugua, na kamba zilikuwa zimelegea. Nyapara akafoka, "Pandeni! Mnaona haya kama mabibi harusi?"

Tulikuwa saba, na chini mawe matupu. Nikatua karai langu. "Tangulia wewe, bwana nyapara."

Wenzangu nao wakatua yao. Akapanda kwa hasira. Hakufika hata nusu, boriti ikayumba. Akashuka, akaagiza kamba mpya.

Jioni alinifukuza, na hakuna mwenzangu aliyenitetea. Hilo linaniuma mpaka leo. Lakini wote saba tulirudi makwetu kwa miguu yetu.

Mwombe msimamizi wako mkanda mbele ya wenzio. Akikataa, usipande. Akikufukuza, njoo, kitanda chako kipo.

Babu yako, Mtoni