Shata ya Kamera ya Baba

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi hapa ughaibuni, Takoma Park, na mimi nimenuna.

Nimekinunia kiwanda kilichokufa.

Kamera ya Baba nililetewa na Mama Neema, jirani yetu wa zamani anayeishi Lanham, karibu na hapa, aliporudi kutoka likizo Dodoma. Baba alikuwa na studio. Utoto wetu wote ulipita mbele ya kamera hiyo. Sasa macho yake yanafifia. Ameomba jambo moja tu: nimpige picha binti yangu mchanga kwa kamera hiyohiyo, nimtumie aione angali anaona.

Na shata imekwama. Ni vile vipande vyembamba vya chuma ndani ya lenzi, vinavyofunguka na kujifunga upesi kuingiza mwanga. Papa Didier, fundi Mkongo wa Columbia Heights, aliichokonoa, akatikisa kichwa.

“Mama, ile kiwanda ilishaka kufa. Pièces ya kuitengeneza haiko. Niweke shata ingine?”

Nikakataa. Nilitaka ileile ya Baba.

Basi nikaanza kukisaka kiwanda. Kwenye pete ya shata limechorwa jina la Kijapani, tofauti na jina la kamera. Wiki mbili nimelitafuta mtandaoni na maktabani, mtoto mgongoni. Nimeambulia vijipande: karakana ndogo Tokyo, ilianza kwa kuiga shata za Wajerumani, ikawauzia watengenezaji wa kamera. Halafu wateja hao wakaanza kujitengenezea wenyewe. Mmoja anaandika ilifungwa, mwingine anaandika ilimezwa na kampuni kubwa. Mwanzilishi hana hata jina. Kila ukurasa unasifu kamera, unasifu lenzi; shata inapewa sentensi moja, tena ya kubahatisha.

Jana mkusanyaji mmoja wa kamera za zamani, wa Virginia, alinijibu kwamba hakuna mtu anayekusanya shata. Nusura nirushe kompyuta.

Leo baada ya ibada nikampigia Baba, nikammwagia yote.

“Shikamoo Baba. Nimeshindwa kupata shata yako.”

“Marahaba. Shata yangu ipi?”

“Iliyokuja na kamera.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Hiyo iliyokuja nayo ilikufa wewe hujaanza shule. Hiyo uliyonayo niliitoa kwenye kamera mbovu ya rafiki yangu, nikaipachika.”

Nilitaka kulia, nilitaka kumkaripia, na Baba hakaripiwi.

“Mwanangu, niliomba picha ya mjukuu, sikuomba makumbusho.”

Wiki mbili!

Kesho kabla ya zamu nampelekea Papa Didier kamera, aitoe hiyo shata, aweke yoyote inayofanya kazi. Ile mbovu nitamwomba anirudishie. Bado nina hasira na watu wale wa Tokyo, walioacha kitu kizuri hivi wasiache jina la hata mmoja wao.

Au hasira yangu ni kwa sisi wengine, ambao hatukuwahi kuuliza?